Springi Zije Mwisho: Mjadala wa Gari la Kwanza la Foo-wili

Masika yakikaribia, gereji za Arusha hazikosi mtu mwenye swali hili. Amenunua gari lake la kwanza la foo-wili, akiba karibu yote imekwisha, na sasa anataka lipite mahali ambapo, likiwa kama lilivyotoka kiwandani, halipiti. Alibadilishe lote kwa mpigo? Alibadilishe kidogo kidogo? Au aliache kama lilivyo mpaka mkono wake uzoee? Wenye ujuzi hawakubaliani, na kila upande una sababu ambazo hazipuuziki. Nimeziweka hapa kwa sauti nne. Wasemaji nimewatunga mimi. Hoja zao ni zile zinazosemwa kila siku chini ya magari yaliyopandishwa jeki.

Gari lenyewe ni Suzuki Jimny ya injini ya 1.3, ile ya umbo la miaka ya 2000. Nimelichagua kwa sababu wengi huanza nalo, na udogo wake usimdanganye mtu: lina chesisi, lina ekseli nzima mbele na nyuma, na lina gia ya loo. Mwenye gari ni daktari wa mifugo, mwanamke ambaye kazi humtoa kwenye lami ya Arusha–Namanga na kumwingiza ndani ya Longido, na mara nyingine humzungusha upande wa pili, Mto wa Mbu hadi Engare Sero kando ya Ziwa Natron. Huko kuna vumbi la majivu ya volkano, kuna makorongo ya mchanga, na mvua ikinyesha kuna udongo unaoganda kwenye tairi mpaka kashata zisionekane.

KIJANA, mjenzi wa magari ya mashindano: Shikamooni wazee. Dada daktari, ushauri wangu ni mfupi: ukianza, maliza. Springi za kulinyanyua inchi mbili, tairi za matope, bampa ya chuma, winchi, keria, taa za mbele. Vyote kwa pamoja. Ukileta gari gereji mara sita unamlipa fundi mara sita, na mara sita gari halipo kazini. Halafu vitu hivi vinategemeana. Springi huchaguliwa kwa uzito wa gari. Ukifunga leo springi za gari tupu, mwakani ukaweka bampa ya chuma na winchi, pua ya gari inainama na unanunua springi upya. Mzigo wa kuagiza Dubai au Japani nao, ukija mara moja, unausafirisha na kuutoa bandarini mara moja. Anayesema "polepole" mara nyingi anamaanisha "mara mbili".

FUNDI, wa mtaa wa Unga Limited: Marahaba, mwanangu. Hilo la uzito umesema kweli, tutalirudia. Lakini gari hili limekuja kutoka Japani likiwa limeshatumika. Mimi sifungi boliti hata moja kabla sijajua naifunga juu ya nini. Nalipandisha, naingia chini. Kwanza kutu: yapo yaliyotoka mikoa ya theluji, ambako barabara humwagwa chumvi, na chumvi hiyo inaila chesisi kwa ndani wakati bodi inang'aa. Kisha naangalia bushi, tairodi, na beringi za kingpini za mbele. Jimny ikichoka hapo, usukani unaanza kutetemeka ukifika mwendo wa 70 au 80. Ukiweka tairi kubwa juu ya ubovu huo, mtetemo unazidi, na mwenye gari anakwenda kugombana na aliyemuuzia tairi.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Foo-wili ya mbele kwenye gari hili hushikishwa kwa mvuto wa hewa: injini inavuta hewa kupitia mipira myembamba inayofika hadi kwenye habu za magurudumu. Mpira mmoja ukipasuka, taa ya foo-wili inamulika-mulika tu dashibodini na magurudumu ya mbele hayafanyi kazi. Mtu anazama kwenye matope akilaumu tairi na injini, kumbe muda wote amesukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Mipira ile ni ya bei ndogo kuliko kitu chochote alichokitaja kijana.

DAKTARI: Hayo nayakubali, fundi. Nimeshabadilisha bushi na mipira, nimemwaga mafuta ya gia boksi, ya transfa na ya difu zote mbili, na breki nimeziweka upya. Nilichokuja kuuliza ni kinachofuata. Maana nina kasha la chanjo lenye barafu nyuma, na barafu ina saa zake. Nikikwama asubuhi nikatolewa jioni, chanjo imekufa na wafugaji waliokusanya ng'ombe tangu alfajiri wameshawaachia. Sifanyi michezo na hili gari.

DEREVA, mstaafu wa magari ya watalii: Basi mwanangu, mimi nitakwambia neno usilolipenda. Kaa nalo kama lilivyo msimu mzima, kiangazi na masika. Sisi tuliokuwa tukiingia mbuga za Ndutu wakati wa mvua tulijua dereva anayezama kila siku na dereva asiyezama, na wote walikuwa na Land Cruiser zile zile. Asiyezama alishuka, akaitembea njia kwa miguu, akaweka loo kabla ya kuingia na siyo baada ya kukwama. Akishaanza hakanyagi mafuta kwa hasira. Na alijua kupunguza upepo. Kagari kepesi kama hako, kwenye mchanga wa korongo, shusha mpaka psi 16 hivi. Tairi inalala, inakuwa ndefu chini, uzito unasambaa. Tairi ya kiwandani iliyoshushwa upepo inapita mahali ambapo tairi ya matope yenye upepo kamili inajichimbia. Ila ukishashusha nenda taratibu, usikate kona kwa nguvu, tairi isije ikavuka kwenye rimu. Na ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza kabla ya kuongeza mwendo.

DAKTARI: Mzee wangu, kwa heshima, msimu mzima siwezi. Ujuzi nautaka, lakini ng'ombe hawaumwi kwa ratiba ya masomo yangu.

Hapo namuunga mkono daktari. Dereva ana haki ya kusema kwamba mikono na macho ndiyo vifaa vya kwanza, na ningependa kila mwenye gari jipya la foo-wili apate siku kadhaa na mtu kama yeye. Lakini ushauri wa kusubiri tu unamfaa anayeendesha kwa kujifurahisha mwishoni mwa wiki. Anayekwenda porini kwa kazi anahitaji jibu la mwezi huu. Tena kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuunganishwa kwenye betri tayari ni mabadiliko. Nayahesabu ya kwanza, kwa sababu bila pampu hakuna anayethubutu kushusha upepo akiwa mbali na lami.

Mzozo mkubwa unaanzia kwenye urefu. Kijana ametaja springi kwanza kabisa, na wengi hufanya hivyo, kwa kuwa gari lililonyanyuliwa linapendeza kulitazama. Basi tulitazame kwa chini. Kwenye gari la ekseli nzima, difu imo katikati ya ekseli, na ekseli inasimama juu ya tairi. Springi zikae inchi mbili zaidi, bodi na chesisi vitapanda. Difu itabaki pale pale ilipokuwa, na jiwe lililoigonga jana litaigonga na kesho. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, nayo huiinua kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Jimny hii hutoka na tairi za 205/70R15, ambazo kipenyo chake ni kama milimita 668. Ukiweka 215/75R15 unapata kama 704. Tofauti ni milimita 36, kwa hiyo difu imepanda milimita 18. Ni kama upana wa kidole, na njia ya mawe hutofautisha anayepita na anayekwaruza kwa kiasi hicho hicho.

Milimita hizo 18 zina gharama yake. Spidomita sasa inasema uongo kwa asilimia 5 hivi: ikionyesha 80, wewe unakwenda 84. Gia zote zimekuwa ndefu kidogo, na injini ya 1.3 italisikia hilo mlimani. Ndiyo maana kwa gari hili siungi mkono tairi nzito ya matope kama tairi ya kwanza. Tairi ya mchanganyiko, inayokwenda lami na vumbi, yenye ukuta mgumu wa pembeni, ndiyo inayomfaa mtu ambaye nusu ya safari yake ni lami.

KIJANA: Mwandishi umezungumzia tairi ya 215 kwa sababu ndiyo inayoingia bila shida. Mimi nafunga 235/75R15. Hapo difu inapanda kama milimita 33, na ndipo springi zinapohitajika, kwa sababu bila hizo tairi inakula bodi ukikata kona. Sasa unaona kwa nini nasema vyote kwa pamoja?

FUNDI: Naona, na hapo ndipo ninapoogopa. Umenyanyua inchi mbili: fimbo inayozuia ekseli isiyumbe imeivuta ekseli upande mmoja, inahitaji kurekebishwa. Pembe ya magurudumu ya mbele imebadilika, usukani umekuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye lami. Mipira ya breki imevutika. Gurudumu likining'inia kwenye korongo, mipira hiyo inaweza kukatika. Propela imekaa kwa pembe kali, inatetema. Umeweka tairi nzito: breki zile zile sasa zinasimamisha kitu kizito zaidi. Kila kimoja kina dawa, mimi dawa hizo ninazo na nazifunga vizuri. Lakini wateja wengi hulipia springi na tairi, pesa ikaisha, na gari likaondoka gereji bila dawa. Halafu mtu huyo anaweka keria, juu yake spea tairi na madumu mawili ya mafuta, anaingia mteremko wa pembeni. Kagari kembamba, kafupi, kalikoinuliwa, kenye mzigo kichwani. Sihitaji kueleza mwisho wake.

KIJANA: Mbona magari ya Rhino Charge yanapita kwenye miamba yakiwa yamejengwa hivyo hivyo?

Mfano huu hutajwa sana na unastahili jibu zito. Rhino Charge imekuwa ikifanyika Kenya tangu mwaka 1989, na ni moja ya mashindano ninayoyaheshimu kuliko yote katika ukanda huu. Fedha zake huchangia kazi ya shirika la uhifadhi la Rhino Ark, na uzio wa Aberdare wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, umetokana kwa sehemu kubwa na michango hiyo. Lakini tazama mashindano yenyewe yanapima nini. Gari hupewa vituo 13 na saa 10. Anayevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi ndiye mshindi. Kasi haihesabiwi. Kwa hiyo kila timu hutafuta mstari ulionyooka, hata kama mstari huo ni ukuta wa mawe, na huwa na wenzao wanaokimbia mbele kwa miguu kutafuta njia. Gari la namna hiyo limejengwa kwa siku moja kwa mwaka. Likivunja ekseli, hakuna chanjo inayoharibika, na mengi huletwa na kurudishwa juu ya malori. La daktari lazima lirudi nyumbani kwa magurudumu yake na kesho litoke tena.

DEREVA: Tena sisi hatukati mstari ulionyooka. Ndani ya hifadhi za taifa kuacha njia ni kosa, na nje ya hifadhi ni malisho ya watu. Alama ya tairi kwenye udongo uliolowa inakaa miaka, na maji ya mvua ya mwaka unaofuata yanaifanya korongo.

DAKTARI: Basi nieleze kuhusu kuvutwa. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko springi, maana mara nyingi niko peke yangu, na anayenitoa ni lori lililopita.

Daktari ameuliza swali ambalo gereji nyingi hulipita haraka, ndiyo maana mimi nalikalia. Kabla ya winchi, kabla ya taa, gari linahitaji mahali imara pa kufungia kamba, mbele na nyuma, paliposhikiliwa na chesisi kwa boliti zinazostahili. Vindoano vyembamba ambavyo magari mengi hutoka navyo viliwekwa kwa ajili ya kulifunga gari melini au kulivuta taratibu kwenye barabara nzuri. Gari lililozama kwenye udongo mweusi linashikwa na nguvu inayoweza kuzidi uzito wake lenyewe. Na kichwa cha chuma cha kuvutia tela kisifungwe kamba ya kuokolea hata siku moja. Kikivunjika kamba ikiwa imenyooka, kinaruka kama risasi na kupita kwenye kioo, na watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Anayevuta na anayevutwa wabaki ndani ya magari. Watazamaji, hasa watoto ambao hukusanyika haraka kijijini, wasimame mbali kuliko urefu wa kamba.

FUNDI: Plati ya kuvutia nitakutengenezea, na siitobolei bampa, naifunga kwenye chesisi. Uwe na kamba nzuri inayonyumbuka, shakeli mbili zilizoandikwa uwezo wake, beleshi, na vibao viwili vya kukanyagia tairi. Vyote vinabebeka ndani ya gari. Winchi baadaye, kama utaona kweli unakwama mahali ambapo watu hawapiti. Na ukifikia hapo, uwezo wake usipungue mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa.

DEREVA: Usisahau maji.

FUNDI: Hilo watu hulipenda kwa lile bomba linalopanda kando ya kioo. Bomba lile linasaidia kwenye vumbi kuliko kwenye mafuriko. Difu ina kipumulio kidogo juu yake. Umeendesha saa mbili, difu imechemka, unaingia mtoni ghafla: hewa ya ndani inapoa, inajivuta, na kama kipumulio kimezama kinafyonza maji. Hujui lolote. Baada ya majuma kadhaa unafungua boliti, mafuta yanatoka meupe kama maziwa, na beringi zimeshaliwa. Dawa yake ni mpira mrefu wa kupandisha kipumulio hadi kwenye chumba cha injini. Ni kazi ya nusu siku na mipira ya kawaida. Kuhusu kina, gari jepesi huelea kabla hujafikiri kuhusu injini. Maji yanayokwenda kwa nguvu yakifika magotini mwako, usiingie.

DAKTARI: Kwa hiyo nikiwasikiliza wote: upepo na pampu, tairi za mchanganyiko, plati na kamba, vipumulio. Hayo naweza kuyafanya kabla ya masika. Na springi?

KIJANA: Springi nimekwambia zinategemea uzito. Na hujui uzito wako.

Kijana hapa ameshinda hoja, ingawa ushindi wake unaelekea kinyume na alipoanzia. Ikiwa springi huchaguliwa kwa uzito, basi haziwezi kuwa za kwanza. Zinunuliwe baada ya kujulikana gari litabeba nini kila siku: kasha la barafu, maji ya kunywa, spea, mtu wa pili, labda bampa. Daktari akishafanya kazi masika haya, aende mizani na gari lililopakiwa kama anavyosafiri, apime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kisha ampelekee fundi namba mbili. Huenda akagundua kwamba nyuma panahitaji springi ngumu kidogo na shokapu nzuri, na mbele hapahitaji kitu. Shokapu kwa kweli ningezitanguliza hata mbele ya springi, kwa sababu njia ya migongo-migongo huziua kwanza, na gari lenye shokapu zilizokufa hurukaruka mpaka dereva hana tena uwezo wa kuliongoza.

Na uzito wenyewe uogopwe. Kila kilo inayofungwa kwa kudumu hubebwa hata siku ambayo haihitajiki. Hula mafuta, breki na beringi, na huzamisha gari ambalo lingepita likiwa jepesi. Jimny hupita mahali pengi ambapo magari makubwa hukwama kwa sababu moja kuu: ina uzito wa tani moja na kidogo. Anayeijaza vyuma anaiondolea kile alichoinunulia.

KIJANA: Lakini gharama ya kuja gereji mara nyingi umeiacha.

Sijaiacha. Panga yote kwa pamoja, kwenye karatasi, siku ya kwanza: tairi ya mwisho itakuwa ya ukubwa gani, kama kutakuwa na winchi au la, mzigo utakaa wapi. Mpango huo ndio unaozuia kununua mara mbili. Ufungaji uje kwa zamu, kila zamu ikifuatiwa na safari za kweli, ili gari likianza kutetema au kutangatanga ujue ni kitu gani kilicholeta. Ukifunga vitu sita siku moja na usukani ukatetemeka kesho, fundi hana pa kuanzia. Na kila badiliko kubwa la springi au bampa liripotiwe kwa kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya ajali, kwa sababu mkaguzi wa bima huanza kwa kutazama kile ambacho hakikuandikwa.

Kwa mwenye gari la kwanza la foo-wili anayesoma haya, hukumu yangu ni hii. Rekebisha kilichochakaa, jifunze upepo, nunua tairi, funga plati na beba kamba, pandisha vipumulio, kisha endesha. Springi uzinunue ukiwa na karatasi ya mizani mkononi. Na leo hii, kabla ya lolote, kama gari lako lina kichwa cha tela nyuma, waambie wote wanaoliendesha kwamba hapo hapafungwi kamba ya kuokolea.